Mwaka Niliolala Chali Nikipanga Picha

Naandika haya nikiwa nimekaa kwenye kiti. Kwa mtu mwingine hilo si jambo la kutaja. Mimi ilinichukua nusu mwaka kulifikia, na katika nusu mwaka huo nilitamani sana kumsikia mtu mmoja aliyewahi kupita nilipokuwa napita, aniambie huko mbele kukoje. Madaktari na wauguzi walinieleza mengi na nawashukuru, lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulala pale nilipolala mimi. Kama wewe unayesoma umeambiwa una ugonjwa kama wangu, au unamuuguza mwenye nao, basi nimekuandikia wewe.

Mimi ni mpiga picha wa Runazi, wilaya ya Biharamulo. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na miwili. Nimepiga harusi, vipaimara, mahafali, misiba, na picha za pasipoti zisizo na idadi, mteja akiwa amekaa kwenye kigoda mbele ya shuka la bluu. Mke wangu anaitwa Skolastika, lakini tangu tumpate binti yetu namwita Mama Anitha, naye ananiita Baba Anitha. Yeye ni Mhangaza wa Kanazi, kule Ngara. Ndiye anayelima na kutulisha. Anitha wakati huo alikuwa shule ya bweni, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili.

Maumivu yalianza wakati wa kuvuna maharage ya vuli, katikati ya mgongo, kama mtu amenibana kwa koleo. Nikasema ni pikipiki, au ni begi la kamera. Nikanunua dawa za maumivu dukani, nikazimeza, nikaendelea na kazi. Zilipoisha nikanunua nyingine. Nilikuwa naamka shuka limelowa jasho na hali ya hewa ni ya baridi. Suruali zikaanza kunivuka, nikatoboa tundu jipya kwenye mkanda kwa msumari, kisha jingine. Mama Anitha alikuwa akiniangalia nikivaa.

"Baba Anitha, nenda hospitali."

"Nikimaliza harusi za mwezi huu."

Harusi za mwezi huo zikaisha, zikaja za mwezi uliofuata.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza siku nilipokwenda Nyarubungo kupiga harusi ya kijana mmoja wa kwaya. Bibi harusi alipokuwa anatoka kanisani nilichuchumaa mbele yake ili nipate gauni lote pamoja na mlango. Nikapiga picha tatu. Nilipotaka kuinuka, miguu haikuinuka. Nilijaribu tena. Niliiona pale chini yangu, viatu vyangu, magoti yangu, lakini ilikuwa kama ya mtu mwingine aliyekaa mbele yangu. Watu wakadhani nafanya mzaha, wakacheka na kupiga vigelegele. Bibi harusi naye akacheka. Mimi nilikuwa natabasamu ili wasigundue, huku kijasho chembamba kikinitiririka shingoni. Mwishowe mzee mmoja wa kanisa ndiye aliyenitazama usoni akaacha kucheka.

"Mwinueni huyu," akasema. "Huyu hachezi."

Hospitali ya wilaya walinipiga picha ya mgongo, wakaitazama kwa muda mrefu, wakaniandikia barua ya rufaa kwenda Mwanza. Nilisafiri nimelazwa kiti cha nyuma cha basi, kichwa kikiwa mapajani mwa mke wangu. Kila shimo la barabarani nililihesabu kwa mgongo.

Kusubiri ndiko sitakusahau. Kwenye korido ile kuna mabenchi ya mbao yaliyong'aa kwa kukaliwa. Mimi sikuweza kukaa, kwa hiyo nililala kwenye kitenge sakafuni na nikawaona wagonjwa wenzangu kuanzia magotini kwenda chini. Nilijua nani amekuja na nani kwa kutazama viatu. Siku ya kwanza tulisubiri kipimo. Siku ya pili tulisubiri jibu. Siku ya tatu mtaalamu hakuwepo. Walinipima makohozi, walinipima na virusi vya UKIMWI, na saa zile za kusubiri jibu hilo Mama Anitha alishika chungwa. Alilimenya kwa muda mrefu mno, akalikata vipande, na hakuna aliyelila. Jibu likaja kwamba sina virusi. Alifumba macho, akasema kwa Kihangaza, "Mana yanje," yaani Mungu wangu, kisha akanipa kipande cha chungwa.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alichuchumaa sakafuni ili tuonane.

"Baba, una kifua kikuu."

"Mbona sikohoi, daktari?"

"Hiki hakijakaa kifuani. Kimekaa kwenye mifupa ya uti wa mgongo. Kimekula pingili mbili, na usaha unabana mishipa inayokwenda miguuni. Kina dawa. Utameza mwaka mzima bila kukosa hata siku moja, na miezi ya mwanzo utalala."

"Nitatembea?"

Akainuka taratibu akisugua magoti. "Tutaona," akasema.

Neno hilo nilirudi nalo Runazi. Nililala nalo, nikaamka nalo. Mtu akikuambia hutatembea, unalia. Akikuambia utatembea, unafurahi. Lakini "tutaona" haikupi mahali pa kuweka moyo.

Kitanda changu kiliwekewa mbao chini ya godoro ili lisibonyee. Nikavalishwa mshipi mgumu wa mgongo. Kila asubuhi kabla ya kula nilimeza vidonge vinne vikubwa, Mama Anitha akiwa amesimama mbele yangu mpaka aone koo limeshuka. Mkojo ukawa mwekundu kama chai ya rangi, hata machozi yakawa na rangi. Nilikuwa nimeambiwa kwamba ni dawa, lakini siku ya kwanza kuuona ule mkojo kwenye kopo nilipiga kelele. Haja zote nilizifanya kitandani, na mke wangu ndiye aliyezibeba. Sitaki kulificha hilo, kwa sababu najua kuna mwanamume mahali fulani anaona aibu hiyo leo na anadhani ni yake peke yake.

Majirani walisikia neno "TB" wakaogopa. Muuguzi wa kliniki alikuja mwenyewe nyumbani akawaeleza kwamba hii ya mgongoni haimwambukizi mtu, na baadhi yao walielewa. Wengine walisalimia wakiwa njiani, wakapita. Dada yangu Paskazia, anayeishi mjini Biharamulo, ndiye aliyekuwa akija kila Jumamosi, akanywa chai kwa kikombe changu makusudi, mlango ukiwa wazi.

Katika mwezi wa pili wa dawa alikuja mama mmoja mtu mzima kutoka Nyarubungo. Alisimama mlangoni akishika kanga yake.

"Shikamoo, mama," nikasema nikiwa nimelala.

"Marahaba, mwanangu. Pole. Sikujua kama umelala hivi." Akasogea hatua moja. "Mzee wangu amefariki. Hatuna picha yake hata moja. Lakini wewe ulitupiga, siku ya kipaimara cha mjukuu. Alivaa koti la kijivu."

Nilimkumbuka huyo mzee na koti lake. Nilichokuwa sikumbuki ni wapi nilimweka. Picha zangu za miaka kumi na miwili zilikuwa makumi ya maelfu. Nyingine zilikuwa kwenye kompyuta, nyingine kwenye diski ya nje, nyingine kwenye flashi na memori kadi zilizotapakaa kwenye droo, nyingine kwenye simu mbili mbovu. Folda zilikuwa na majina kama "Mpya", "Mpya 2", "Mpya mpya", "Za kusafisha". Nilikuwa nikimaliza kazi ya mteja namwaga picha popote penye nafasi, nikijiambia nitazipanga siku nikipata muda.

Mama yule alisubiri mpaka saa tisa, akaondoka mikono mitupu. Nilitafuta siku tatu, kompyuta ikiwa juu ya ubao uliolazwa tumboni. Siku ya nne nikampata mzee, ndani ya folda iliyoandikwa "Mahafali". Koti la kijivu, tai imepinda, anacheka na mtu asiyeonekana. Nilimpigia simu mama, akarudi. Tuliposafisha ile picha akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka kifuani. Mama Anitha alimsindikiza mpaka barabarani.

Aliporudi akasimama miguuni pa kitanda.

"Nikuambie kitu, usikasirike?"

"Sema."

"Ukifa leo, watu watakuja hapa kuniuliza mimi sura za wapendwa wao. Na mimi sijui hata kuiwasha hiyo mashine."

Ilikuwa mara ya kwanza mmoja wetu kutamka neno hilo ndani ya chumba kile. Alilitamka taratibu, bila uchungu, kama mtu anayesema mvua inakuja tuanue nguo. Kesho yake nikaanza kupanga.

Nilikusanya kwanza. Kila kadi, kila flashi, kila simu, vyote vikaingia mahali pamoja. Kisha nikaanza kuzipa folda majina kwa mtindo mmoja: mwaka, mwezi, kijiji, shughuli. Hapo ndipo nilipokutana na balaa la tarehe. Kamera yangu ya zamani betri ikiisha ilikuwa inasahau siku na kurudi mwaka ilipotengenezwa, nami sikuwa na tabia ya kuirekebisha. Harusi kumi na moja zilionekana kufungwa siku moja. Nikaanza kutazama nyuma ya watu. Mahindi yakiwa magotini, ni Novemba. Mihogo imeanikwa kwenye mabati, ni kiangazi. Shule ya msingi ikiwa bado na darasa lisiloezekwa, ni kabla ya mwaka fulani. Mke wangu akipita kwa mbali na mimba ya mtoto wetu wa pili, yule tuliyempoteza, basi hapo mwezi niliujua bila kutafuta.

Kazi ile ilinisaidia kupita asubuhi. Mchana dawa zilinichefua, nikafunga kompyuta na kutazama dari. Kila nilipofunga tu, "tutaona" ilirudi. Nilikuwa najaribu kuinua goti la kushoto. Siku nyingine liliinuka upana wa kidole, siku nyingine halikuinuka kabisa, na mimi nikahesabu siku hizo kama mtu anayehesabu tarehe za kesi yake.

Mwezi wa tatu wa dawa nikaanza kujiona mwenyewe kwenye picha. Kuna watu huchukua kamera ya mpiga picha na kumpiga yeye. Picha moja mabega yangu yako sawa. Ya msimu uliofuata, mkono uko kiunoni. Nyingine nimeegemea mti huku wenzangu wote wamesimama. Na moja, kwenye msiba mmoja hukohuko Runazi, nimepigwa kwa nyuma, na ndani ya shati unaona wazi nundu ndogo katikati ya mgongo. Ilikuwa miezi sita kabla sijaanguka. Nilimwita Mama Anitha nikamwonyesha.

Aliitazama, jembe likiwa bado begani.

"Nilikuambia," akasema.

"Najua."

"Hujui. Nilikuambia nikiwa nakusugua mgongo. Nikakuambia hapa kuna kitu kimeota. Ukacheka, ukasema ni uzee unaingilia mlango wa nyuma." Sauti yake ilipanda. "Sasa mimi nalima peke yangu, nachota maji peke yangu, nakugeuza peke yangu, na wewe ndiyo kwanza unaniita nije nione kwenye picha nilichokiona kwa macho!"

Akatoka. Nilisikia jembe likipigwa ukutani. Hakuwa amekosea hata neno moja.

Nafika sasa kwenye sehemu ambayo nimeiandika na kuifuta mara kadhaa. Mwezi wa nne wa dawa diski ilijaa. Nikaanza kufuta zilizojirudia, maana picha nyingi zilikuwa na nakala mbili au tatu. Niliona folda mbili zenye jina "Kanazi". Siku hiyo nilikuwa na kichefuchefu na nilitaka nimalize. Nikaifungua moja, nikaona shamba la migomba na barabara, nikasema hizi ni zilezile. Nikafuta ile nyingine, nikamwaga na pipa la taka, na palepale nikahamishia harusi nne kwenye nafasi iliyopatikana.

Siku mbili baadaye nikaifungua "Kanazi" iliyobaki ili niipe jina. Shamba la migomba. Barabara. Daraja. Picha za safari tu, hakuna mtu. Nikatafuta kwenye flashi. Nikatafuta kwenye kadi. Nikaandika Kanazi kwenye sehemu ya kutafutia, nikakosea, nikaandika tena.

Folda niliyoifuta ilikuwa ya mama mkwe. Tulikwenda kumwona kabla hajafariki, nikampiga siku nzima: anapura maharage, anafunga kilemba, amekaa na binti yake mlangoni, wanachekeana. Hakuwa mtu wa kupigwa picha. Siku ile tu alikubali. Na kwa miaka miwili mke wangu alikuwa akiniambia, "Utanisafishia moja kubwa niiweke sebuleni," nami nikimjibu nitafanya.

Nikampigia fundi wa kompyuta mjini. Akaniuliza, "Umeshaweka vitu vingine juu yake?" Nikamwambia ndiyo. Akavuta pumzi. Alinielekeza programu ya kurudisha vilivyofutwa, nikaiacha ifanye kazi siku nzima. Ilileta faili kama thelathini. Nilizifungua moja moja. Zote zilikuwa michirizi ya kijivu, isipokuwa moja iliyokuwa na ukanda mwembamba juu, kipande cha kilemba chekundu na jani la mgomba. Chini yake kijivu.

Sikumwambia Mama Anitha. Kila asubuhi alisimama mbele yangu akanitazama nikimeza dawa, nami nikameza na hilo. Chakula kikanishinda. Alinipikia uji wa ulezi, akanipikia samaki, akaniuliza unataka nini. Nilisema sina hamu. Kwenye kliniki ya mwezi, muuguzi alinipima nimebebwa na mhudumu, akatazama mzani mara mbili.

"Mwezi uliopita ulikuwa umeongezeka. Leo umepungua kilo tatu. Dawa unameza kweli?"

"Anameza," Mama Anitha akajibu. "Namwona kwa macho yangu."

"Basi inabidi tumrudishe Mwanza waangalie tena."

Nje ya kliniki, nikiwa nimelazwa kwenye bajaji, nilimwona mke wangu amesimama nyuma ya mti akilia, amejiziba mdomo kwa kanga. Alidhani nakufa. Wiki tatu nilimwacha adhani hivyo kwa sababu ya uoga wangu.

Jioni hiyo, jua likiwa bado halijazama, alileta beseni la maji ya uvuguvugu kuniosha. Mvua za masika zilikuwa zimeanza na mabati yalikuwa yakidondosha matone. Alianza na mgongo, kama kawaida yake, akizunguka ile nundu kwa uangalifu.

"Mama Anitha, siumwi zaidi. Nimefanya kosa."

Mkono wake ukasimama.

"Picha za mama nimezifuta. Zile za Kanazi. Sikukusudia. Zote zimepotea."

Kisha mkono ukaendelea. Alimaliza mgongo, akaosha mikono yangu, akaosha miguu mpaka katikati ya vidole, akanifuta, akanivalisha shati, akafunga kila kifungo. Akatundika taulo. Akabeba beseni akatoka nalo. Nilikuwa tayari kwa matusi, kwa kilio. Kwa ukimya ule sikuwa tayari.

Asubuhi yake Paskazia akafika bila kuitwa na mimi.

"Wifi ameniomba nikae na wewe," akasema. "Ameenda kwao."

"Amesema atarudi lini?"

"Hakusema."

Siku nne. Nilimpigia, simu iliita bila kupokelewa. Siku ya pili ilizimwa. Nilimuuliza dada yangu kama alibeba begi kubwa au dogo, akaniambia niache utoto. Nilijua ndugu zake walikuwa wameshamwambia mara nyingi kwamba mwanamke wa umri wake hawezi kukaa akigeuza mwanamume kama gunia mpaka azeeke. Nilijua pia kwamba kama mtu angeniuliza mimi, nisingekuwa na la kuwajibu. Nilimeza dawa mbele ya Paskazia. Nilikula kila kitu alichonipa, hata kisichopita, kwa sababu nilitaka akirudi anikute nimekula. Sikuigusa kompyuta.

Siku ya nne mchana nikasikia pikipiki, na sauti yake ikimshukuru dereva. Aliingia na matope mpaka magotini, akakaa ukingoni mwa kitanda, akatoa ndani ya kitambaa simu ya zamani iliyopasuka kioo.

"Ya Deo," akasema. Deo ni kaka yake. "Nimezunguka kwa mashangazi wote. Nimekwenda kwa wanakwaya wenzake mama. Nimekwenda mpaka kwa mwalimu aliyehama. Watu wana picha za harusi zao, mama hayumo. Hii ndiyo pekee."

Aliiwasha. Ilikuwa picha ndogo ya kutumiwa kwenye simu, imechoka kwa kupita mikononi mwa watu. Mbele ni watoto wawili na keki. Nyuma, pembeni kabisa, nusu yake imekatwa na ukingo, mama mkwe amegeuka, mkono uko mdomoni kama anayezuia kicheko.

"Si nzuri," akasema mke wangu. "Lakini ni yeye."

"Nilidhani umeondoka."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Niondoke niende wapi? Nilikwenda kumtafuta mama." Akapangusa kioo kwa kidole gumba. "Nilikasirika. Bado nimekasirika. Simu niliizima ili nisikutukane. Lakini wiki tatu, Baba Anitha! Ulikuwa unaniona nachimba kaburi lako kichwani, ukanyamaza?"

Nilishika mkono wake wenye matope, naye akauacha nilivyoushika.

Kisha akasema, "Sasa nifundishe hiyo mashine. Na kuanzia leo usifute kitu kama sijakiona."

Ndivyo tulivyofanya. Baada ya shamba alikaa pembeni yangu, tukafungua folda moja baada ya nyingine. Niligundua jinsi nilivyokuwa sijui. Mimi nilikuwa nimeandika "bibi mwenye kilemba" au "wazee wa kanisa". Yeye alijua majina: huyu ni nani, ameolewa wapi, huyu mdogo pembeni ni mtoto wa yule. Akayataja nami nikaandika, na baadaye akaandika mwenyewe, kwa vidole viwili, akisoma herufi kwa sauti. Wengine walikuwa ndugu waliotoka Burundi zamani na sasa wamehamia mbali, na hakuna mwingine ambaye angewajua. Kila tulipomaliza mwaka mmoja tulitoa nakala mbili, moja ikabaki kwetu na nyingine Paskazia akaenda nayo kwake mjini. Nakushauri nawe ufanye hivyo, uwe mgonjwa au mzima.

Kilo zikarudi. Mwanza walipiga picha nyingine wakasema usaha umepungua.

Mwezi wa sita wa dawa, maharage ya masika yakikaribia kukauka, nilikaa. Wiki mbili baadaye nilisimama nikiwa nimeshika fremu ya mlango, Mama Anitha mbele yangu mikono imenyooshwa bila kunigusa. Miguu ilitetemeka, nikaanguka. Tulikaa sakafuni tukicheka, kisha mimi nikalia, kisha nikajaribu tena. Kutembea kwa magongo mawili, miezi miwili. Kwa fimbo moja, mpaka leo. Nundu haikuondoka. Sitachuchumaa tena mbele ya bibi harusi yeyote, kwa hiyo sasa kamera nimeiweka kwenye miguu mitatu, na mke wangu ndiye anayewapanga watu, anajua nani na nani hawaelewani.

Hofu nayo haikuondoka yote. Mgongo ukiuma kidogo baada ya kuchota maji, moyo unanipiga. Nikitoka jasho, nalikagua shuka. Muuguzi anasema ni kawaida, itapungua. Namwamini siku nyingi, si zote.

Siku ya kuchukua dozi ya mwisho nilikwenda kliniki kwa miguu yangu kutoka barabarani. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza upya. Kwenye benchi alikuwa mama mmoja nisiyemjua, na sakafuni, juu ya kitenge, mwanamume wa rika langu amelala chali, macho kwenye dari. Nilijua kabla sijaambiwa. Nilishuka polepole, kwa fimbo na kwa ukuta, mpaka nikakaa chini karibu na kichwa chake.

"Ni mgongo?"

"Ni mgongo," akajibu. "Wamesema nianze dawa leo. Nimewauliza kama nitatembea."

"Wamesema tutaona," nikamalizia.

Aligeuza macho akanitazama kwa mara ya kwanza, akaiona fimbo, akaona mgongo wangu.

"Wewe ilikuchukua muda gani kusimama?"

Ningeweza kumpa moyo kwa kumpunguzia. Nikamwambia ukweli. "Miezi sita na wiki mbili. Na kila mtu na mwili wake, siwezi kukuahidi."

Midomo yake ilikuwa ikihesabu. Mkewe naye pale kwenye benchi alikuwa akihesabu kwa vidole.

"Basi maharage ya masika yatakuwa yanakauka," akasema mwanamume.

"Yatakuwa yanakauka," nikamwambia.

Akavuta pumzi ndefu, akageuka kwa mkewe. "Mama Edina," akasema, "ulizia mbegu."